Paraphernalia: neno lililotoka kwenye sanduku la bi harusi

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpambaji wa maharusi hapa Tanga, mwaka wa saba sasa. Juzi nilikuwa naandikiana na mteja, Mwingereza atakayefungia ndoa yake kwenye hoteli moja ya ufukweni. Nikamwambia kwa Kiingereza asiwe na wasiwasi, nitakuja na “paraphernalia” yangu yote. Neno hilo nililisikia kwenye filamu nikalipenda. Binamu yangu anayeishi Marekani alipousoma ujumbe ule akashtuka. Akasema huko ni neno la polisi, wanalitumia kwa vifaa vya wavuta bangi na watumia unga, na kwamba nimejiharibia jina. Tangu hapo mteja kaandika mara mbili, nami naona haya kumjibu. Kamusi yangu inasema neno hilo ni “vikorokoro”, sikusaidika. Je, nimetukana? Neno lenyewe limetoka wapi? Na katika mkataba ninaotaka kumpelekea, niliandike au niliache?*

Marahaba, mwanangu. Mjibu mteja wako leo hii, hata kabla hujamaliza kusoma haya. Hukutukana wala hukujiharibia jina. Mwingereza akiambiwa kwamba mpambaji wake anakuja na paraphernalia yake yote, anachokiona akilini ni masanduku, brashi, vioo, pini na kope za bandia, na moyo wake hutulia kwa kuwa anayekuja amejiandaa. Kinachoweza kumtia hofu ni ukimya wako. Bi harusi asiyejibiwa na mpambaji wake halali usingizi.

Hata hivyo nisingependa nikutulize tu kisha nikuache hapo, kwa sababu umeniuliza lilikotoka, na lilikotoka ndiko kwenye utamu wote. Katika maneno yote ya Kiingereza ya kutajia vitu na vifaa vya mtu, ungeweza kuokota lolote. Umeokota lile moja lililozaliwa katika shughuli yako hasa. Kwa asili yake, paraphernalia ni vitu vya bi harusi.

Tuanze na binamu yako, maana hakusema uongo. Alisema nusu. Mnamo miaka ya 1970 maduka mengi ya Marekani yaliuza waziwazi viko, vijikaratasi vya kusokotea, vijimizani na vijiko vidogo ambavyo kila mtu alijua vinatumika kwa kazi gani. Kuyapiga marufuku kulikuwa kugumu, kwa kuwa kiko ni kiko na kijiko ni kijiko mpaka mtu akitumie. Mwaka 1979 shirika la serikali kuu ya huko linalopambana na dawa za kulevya, DEA, liliandaa sheria ya mfano ili majimbo yaiige, na vitu hivyo vikaitwa “drug paraphernalia”. Mwaka 1982 shauri la mji mdogo wa Hoffman Estates, jimbo la Illinois, kuhusu maduka ya namna hiyo lilifika hadi Mahakama ya Juu ya nchi, na mji ukashinda. Tangu wakati huo maneno hayo mawili yamejaa kwenye hati za mashtaka na habari za jioni. Mtu aliyejifunza Kiingereza chake kwa kuishi katikati ya habari hizo huweza kabisa kulisikia neno la pili likiwa na harufu ya la kwanza.

Lakini tazama kwamba sheria yenyewe ililazimika kuweka “drug” mbele. Paraphernalia peke yake isingemwambia hakimu kitu. Sisi tunalijua jambo hili vizuri kwa Kiswahili. Unga umekuwa jina la heroini kwa miaka mingi, vijana wameangamia kwa unga, na bado mtoto akitumwa dukani kununua unga kilo mbili hakuna jirani anayepiga simu polisi. Anayesikia huangalia nani anasema, wapi, na kwa shughuli gani. Paraphernalia iliyotajwa na mpambaji akimwandikia bi harusi haiwezi kuwa ya bangi.

Sasa asili yake. Kiyunani cha kale kilikuwa na neno *pherne*, maana yake mali ambayo binti alitoka nayo kwao kwenda kwa mume. Ukoo wa neno hilo ni kitenzi *pherein*, kubeba. *Para* ni kando, pembeni. *Parapherna* basi ni vile alivyokwenda navyo bibi kando ya hiyo mali kuu: nguo zake, mapambo yake, vitu vya kutumia mwenyewe.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu watu wengi hukwama hapa, na Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki ndicho kinachowakwamisha. Tumezoea kuiita mahari “dowry”. Magazeti huandika hivyo, wazee wa mshenga husema hivyo. Lakini “dowry” ya Wazungu wa kale, kama *pherne* ya Wayunani na *dos* ya Warumi, ilitembea upande wa pili. Ilitoka kwa baba wa binti ikaenda kwa bwana harusi ili imsaidie kubeba gharama za nyumba. Mahari yetu hutoka upande wa mume, na kwa Waislamu wa pwani ni haki ya mwanamke mwenyewe, si ya baba wala mjomba. Ukizichanganya hizi mbili, historia ya neno lako haitaeleweka hata kidogo, kwa maana utajiuliza kwa nini mwanamke alihitaji jina maalumu la kulinda nguo zake asije akazikosa. Alilihitaji kwa sababu mali kuu aliyokuja nayo iliingia mikononi mwa mume. Kilichokuwa kando ndicho kilichobaki chake.

Warumi walilichukua neno la Wayunani pamoja na jambo lake. Mwanasheria wao mmoja, Ulpian, aliyeishi mwanzoni mwa karne ya 3, ameacha maelezo ambayo kila nikiyasoma huwakumbuka mama zetu wakihesabu vyombo vya binti siku ya kumpeleka. Anasema ilikuwa desturi mjini Roma kwamba mke huandika orodha ya vitu vyake anavyoviingiza nyumbani kwa mume, kisha humpa mume aitie sahihi, naye mke huitunza. Mume kwa kutia sahihi hakuwa anapewa vitu hivyo, alikuwa anakiri kwamba vimeingia. Sababu anaitaja wazi: ili siku wakiachana, pasiwe na mtu wa kukana. Maneno hayo yamehifadhiwa katika mkusanyo wa sheria uliotolewa kwa amri ya Kaisari Justinian mwaka 533. Ishike orodha hiyo akilini, nitairudia tukifika kwenye mkataba wako.

Kilatini cha zama za kati kilirefusha neno likawa *paraphernalia*, yaani mali za namna ya parapherna, na kwa umbo hilo likaingia katika Kiingereza cha mahakamani katika karne ya 17. Na Uingereza ndiko lilikokutana na kazi ngumu. Kwa sheria ya kimila ya huko, mwanamke akiolewa, nafsi yake kisheria ilifunikwa na ya mume. Fedha zake, fanicha zake, ng'ombe wake, vyote vinavyohamishika vilikuwa vya mume tangu saa ya ndoa. Familia tajiri zilikwepa kwa kuweka mali ya binti chini ya wadhamini. Maskini na watu wa kati hawakuwa na njia hiyo.

Katikati ya ukali huo paraphernalia ilikuwa kidirisha. William Blackstone, ambaye ufafanuzi wake wa sheria za Uingereza ulichapishwa kati ya 1765 na 1769, anaeleza kwamba ni mavazi na mapambo ya mke yanayolingana na hadhi yake. Mume akiwa hai, aliweza kuyauza au kuyagawa. Ndiyo, mkufu ulio shingoni mwa mkewe. Lakini hakuweza kumrithisha mtu mwingine kwa wasia. Akifa, mjane aliondoka na vitu vyake na wasimamizi wa mirathi hawakuwa na la kusema. Wadai ndio waliokuwa na nguvu kidogo: mali ya marehemu isipotosha madeni, vito vya mjane viliweza kuchukuliwa, ila nguo za lazima mwilini mwake hawakuzigusa.

Fikiria udogo wa haki hiyo. Mke wa bwana mwenye duka, miaka thelathini katika ndoa, anachoweza kukiita chake kwa uhakika ni gauni. Mimi siwezi kulisoma neno hili katika hati za kale bila kuumia kidogo. Linaonekana la kupendeza, limejaa silabi, kumbe lilikuwa ukuta mwembamba kati ya mwanamke na uchi.

Ukuta huo haukuhitajika tena baada ya Bunge la Uingereza kupitisha sheria za mali za wanawake walioolewa, ya kwanza mwaka 1870 na ile kubwa mwaka 1882. Mke akawa mmiliki wa mali yake yote kama alivyo mwanamke asiyeolewa. Na usidhani hii ni hadithi ya mbali. Kenya ilirithi sheria za jumla za Uingereza zilizokuwapo tarehe 12 Agosti 1897, na mwaka 1971 Mahakama Kuu ya huko ikaamua kwamba ile ya 1882 ni mojawapo. Ikaendelea kutumika katika kesi za mali za wanandoa mpaka Kenya ilipotunga Sheria yake ya Mali ya Wanandoa mwaka 2013. Kwetu Tanzania mwaka huohuo wa 1971 ilipitishwa Sheria ya Ndoa, na kifungu chake cha 56 kinampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki, kuiuza, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa. Mkataba unaotaka kuuandika, mwanangu, umesimama juu ya kifungu hicho, uwe una mume au huna.

Neno je, lilipotea? Halikupotea, kwa kuwa tangu karne ya 18 lilikwisha kuanza kutoka mahakamani na kutembea mitaani. Mabadiliko ya namna hii hayatokei kwa bahati. Orodha ya vitu vya bi harusi ni orodha ya vitu vidogo, vingi, vya aina tofauti, visivyo na jina moja la kuvikusanya, ila vyote vinaandamana na jambo moja. Watu wakaona sura hiyohiyo mahali pengine. Mvuvi ana ndoana, mishipi, chambo na kikapu. Mchoraji ana rangi, brashi na vitambaa. Wanywaji chai wana birika, vichujio, vijiko. Wakawavika neno. Wazo la “kando” halikutoka hata hivyo, ndiyo maana mpaka leo Mwingereza hataiita nyumba yake wala gari lake paraphernalia. Jahazi si paraphernalia ya mvuvi. Ndoana ni paraphernalia.

Maneno ya Kiingereza ya mali na vitu mengi yamebeba historia ya namna hii tumboni. “Chattel”, linalotajwa kila mara kwenye hati za mikopo, ni ndugu wa baba mmoja na neno lao la ng'ombe, na wote wawili wametokana na neno la Kilatini la mtaji. Mfugaji hatashangaa. “Impedimenta” lilikuwa jina la mizigo ya jeshi la Kirumi, na ndani yake kuna neno la mguu, kwa sababu mizigo hukwamisha miguu. Sisi tunalo la kufanana nalo: virago. Leo tunasema fulani kafungasha virago vyake tukiwa na maana ya vitu vyote alivyonavyo, lakini kirago kilikuwa mkeka mgumu wa nyasi au matete, wa kulalia wapagazi wa misafara. Alfajiri kila mtu anakunja chake, safari inaendelea. Kitu kimoja kikabeba jina la vyote.

Kwa hiyo kamusi yako ilipokuambia “vikorokoro” haikukosea. Ilikupa nusu ya ladha. Vikorokoro vina wingi na udogo na uchanganyiko, lakini pia vina dharau kidogo, kama mazagazaga: vitu ambavyo mtu angeweza kuvitupa. Paraphernalia inaweza kubeba dharau hiyo, na Mwingereza hulitumia hivyo akilalamikia makaratasi na sherehe zisizo na maana, ila si lazima. Ukimtafsiria msanii au fundi, ningesema “vifaa na vitu vyake vyote vya kazi”. Ni maneno mengi, lakini hayamdharau mtu. Ukitafsiri hati ya kale ya ndoa, “mavazi na mapambo ya mke” ndiyo yenyewe.

Kuhusu kulitumia: usiongeze alama ya wingi mwishoni, wala usitangulize ile “a” ya kitu kimoja. Lilianza kama wingi, sasa hutumika na kitenzi cha umoja au cha wingi na vyote vinakubalika. Katika kuliandika, wengi huiangusha ile “r” ya katikati kwa sababu haisikiki sana wanapotamka. Ipo, mbele ya “n”. Na rangi yake ni ya mazungumzo yenye uchangamfu. Kwenye ujumbe wa kirafiki kama ule uliomwandikia mteja, lilikaa vizuri kabisa. Wateja wako wakiwa Wamarekani, hasa usiowajua, ningetumia “kit” au “equipment”, si kwa kuogopa bali kwa kuwa hakuna haja ya mgeni kutabasamu peke yake upande wa pili.

Katika mkataba, liache. Sababu haina uhusiano na bangi. Ni kwamba neno linalokusanya kila kitu halitaji chochote. Ukiandika kwamba hoteli itawajibika kwa paraphernalia yako ikipotea au kuharibika, kisha taa yako ya duara ikaanguka, utaanza kubishana kama taa ni mojawapo. Ukiandika kwamba bei inajumuisha paraphernalia yote, bi harusi anaweza kudhani kwa nia njema kabisa kwamba shela na maua ya asumini ni juu yako. “Equipment” halikuponyi sana, ni pana vilevile. Kinachokuponya ni orodha.

Na hapa narudi kwa wale wanawake wa Roma. Fanya walivyofanya. Andika mafungu mawili, kwa Kiingereza na Kiswahili. La kwanza ni vitu unavyokuja navyo na kuondoka navyo: masanduku mangapi, vioo, taa, brashi, mashine ya kukausha nywele, chetezo. Weka idadi, na kwa vile vya bei kubwa weka thamani yake na picha. La pili ni vinavyotumika vikaisha: hina, piko, poda, wanja, kope za bandia, udi, na useme kama vimo ndani ya bei au vinalipiwa kando. Siku ukiingia hotelini, aliyekupokea atie sahihi kwamba vimeingia. Ukitoka, mnahesabu pamoja. Hoteli nyingi zina daftari la vitu vinavyoingizwa na watoa huduma, lakini hilo ni la kwao. Wewe uwe na nakala yako mkononi.

Kwa shughuli ya siku moja ya kawaida, barua ya makubaliano yenye orodha hiyo, bei, malipo ya awali na masharti ya kuahirisha inatosha, nawe unaweza kuiandika mwenyewe. Ila zipo hali ambazo mimi na kamusi zangu hatukufai, na ungefanya vyema kwenda kuonana na wakili ana kwa ana: kama hoteli ndiyo inayokupa mkataba wake ulioandikwa kwa Kiingereza cha kisheria utie sahihi, kama inataka uwajibike kwa madhara ya ngozi ya wageni, au kama mnaingia makubaliano ya msimu mzima. Akusomee kila kifungu kabla ya kalamu. Ada yake iulize mapema, na hati ndogo haimchukui muda mrefu. Na ikitokea siku moja swali likawa la vyombo vyako mwenyewe nyumbani, kipi chako na kipi cha mume, hilo usilitafutie jibu katika asili ya maneno. Lina wakili wake, na kwa Mwislamu ana sheikh wa Bakwata wa kuanza naye.

Ujumbe wako kwa mteja usiwe mrefu, wala usiombe radhi kwa neno lile. Omba radhi kwa kuchelewa. Mwambie vifaa vyako vyote viko tayari, orodha yake imeambatishwa aipitie, na umuulize kama nywele zake amezipaka rangi hivi karibuni, maana hilo ndilo utakalotaka kulijua kabla hujafunga masanduku.